Kolwezi: Fundi na karatasi yake, tangu Union Minière mpaka leo

Asubuhi mapema, mbele ya milango ya migodi ya Kolwezi, vijana husimama kwenye mstari na bahasha mkononi. Ndani ya bahasha mna diploma ya serikali, kadi ya ONEM ya mtu anayetafuta kazi, picha mbili za pasipoti, na kwa aliye na bahati, hati ya mwisho wa kazi kutoka kampuni ya zamani. Wengine wana kazi mikononi lakini bahasha yao ni tupu. Mmoja ameendesha mashine kubwa miaka sita bila mkataba. Mwingine alijifunza kuchomelea vyuma kwa baba yake, aliyekuwa fundi wa Gécamines. Mlinzi wa mlango hana namna ya kuona ufundi wao. Anachoweza kuona ni karatasi.

Jambo hili lilianza zamani sana. Tangu mji wa Kolwezi haujakuwa mji, mtu wa Katanga aliyetaka kazi ya mgodi alilazimika kuhakikisha kwanza kwamba anafaa. Kilichobadilika kila kizazi ni kipimo. Kwanza walipima mwili, kisha kitabu cha kazi, kisha ukoo na mahali pa kuzaliwa, na leo wanapima diploma. Familia nyingi za Lualaba, na zile zilizotawanyika mpaka Kasai, Zambia na ng'ambo, zimeishi historia hiyo bila kuiona imeandikwa mahali pamoja.

Mzani na daktari

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Mwaka huohuo ikaundwa Bourse du Travail du Katanga, ofisi ya kutafuta wafanyakazi vijijini. Watu wa Katanga walikuwa wachache kwa kazi iliyokuwa ikitakiwa, na wengi hawakutaka kwenda migodini. Kwa hiyo kwa miaka mingi sehemu kubwa ya wafanyakazi ilitoka nje, hasa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Huko Robert Williams na watu wake waliandika watu kazi na kuwaleta Katanga kwa mkataba wa miezi michache.

Wafanyakazi wa kwanza wa shaba ya Katanga, basi, wengi wao walikuwa wageni. Walivuka mpaka kuja kutafuta mshahara, jinsi Wakongomani wengi leo wanavyovuka Kasumbalesa kwenda upande wa pili.

Mtu alipofika kambini hakuulizwa anajua kufanya nini. Alipelekwa kwa daktari. Alipimwa uzito, urefu na kifua, akachanjwa, kisha daktari akaamua kama atakwenda shimoni, atapewa kazi nyepesi, au atarudishwa kwao. Mtu mwenye kujua kuyeyusha shaba kwa njia ya wazee wa Basanga na Bayeke, waliofanya kazi hiyo kabla ya Mzungu kufika, hakupata faida yoyote kwa ujuzi wake. Kampuni ilinunua nguvu. Akili ya kazi, kwa maoni yao, ilikuwa imekuja na Wazungu.

Visa ndani ya nchi yake mwenyewe

Tunaposikia neno visa leo, tunafikiri mpaka na ubalozi. Lakini wazee wa wakati wa Wabelgiji walihitaji ruhusa ya namna hiyo ndani ya Kongo yenyewe. Kwa sheria ya tarehe 5 Desemba 1933, mtu aliyetaka kuondoka kwenye shefuri yake kwa zaidi ya siku 30 alipaswa kuwa na karatasi iliyoitwa passeport de mutation. Bila hiyo aliweza kukamatwa barabarani. Na akifika mjini hakukaa anapotaka. Kuanzia mwaka 1931 kulikuwa na sheria ya miji ya Waafrika iliyoitwa centres extra-coutumiers. Kukaa humo kulihitaji ruhusa, na njia ya kawaida ya kuipata ilikuwa kuwa na kazi. Aliyepoteza kazi aliweza kurudishwa kijijini, hata kama watoto wake walizaliwa mjini.

Pamoja na ruhusa hiyo kulikuwa na kitabu cha kazi. Sheria ya mkataba wa kazi ya mwaka 1922 iliweka masharti kati ya bwana na mfanyakazi, na mfanyakazi aliyevunja mkataba aliweza kufungwa. Mwenye kitabu kizuri alipokelewa kwa urahisi alikokwenda. Mwenye kitabu kibaya, au aliyekimbia bila kitabu, alianza tena kama mtu asiyejua lolote.

Afrika Mashariki waliona jambo lilelile. Nchini Kenya, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kila mwanamume Mwafrika alivaa kipande, karatasi ndani ya kisanduku cha chuma kilichofungwa shingoni. Humo mliandikwa jina lake, alama za vidole, mwajiri na mshahara. Mwajiri mpya alisoma mshahara wa zamani na kutoa uleule. Karatasi ambayo ingeweza kuonyesha kwamba mtu ameendelea katika kazi ikawa kamba ya kumshika mahali pamoja. Kipande kiliondolewa mwaka 1947 baada ya miaka mingi ya malalamiko.

Wakati huohuo Kolwezi ilikuwa inazaliwa. Reli ya Tenke hadi Dilolo ilimalizika mwaka 1931 na kuunganisha Katanga na bahari ya Atlantiki kupitia Angola. Madini ya Ruwe, ambayo baadaye yaliitwa Mutoshi, yalijulikana tangu mwanzo wa karne. Musonoi na Kamoto zikafuata. Mji ulijengwa kando ya reli na mashimo, na kambi za wafanyakazi zikapangwa kwa mistari, kila nyumba na nambari yake. Nambari ya mfanyakazi iliingia hata katika mazungumzo ya nyumbani. Mke alipokwenda kuchukua posho alitaja nambari ya mume wake kabla ya jina lake.

Fundi asiyeitwa fundi

Kuanzia miaka ya 1927 na 1928, Union Minière ilibadilisha mpango. Badala ya kuleta watu kwa miezi michache na kuwapoteza, ilianza kutoa mikataba ya miaka mitatu. Iliruhusu wanawake na watoto kuja, ikajenga nyumba, hospitali na shule pamoja na wamisionari. Iliandika watu kutoka Lomami na Kasai, waliofika kwa reli mpya ya BCK, na kwa muda kutoka Rwanda na Burundi. Daktari Léopold Mottoulle ndiye anayekumbukwa zaidi kwa siasa hiyo ya kuwatuliza wafanyakazi mahali pamoja.

Nia yao haikuwa huruma tu. Mzungu aliyetoka Ubelgiji au Afrika Kusini alilipwa mshahara mkubwa mno, na wafanyakazi Wazungu walikuwa wamejua kugoma tangu baada ya vita vya 1914-1918. Kwa hiyo kampuni ilianza kufundisha Waafrika kazi ambazo kusini zilikatazwa kwao. Nchini Afrika Kusini, sheria ya migodi ya mwaka 1911 pamoja na badiliko lake la mwaka 1926 iliweka vyeti vya ufundi ambavyo Mwafrika hakuruhusiwa kuvipata. Mtu aliweza kuchimba na kupasua miamba miaka 20, akajua sauti ya jiwe kuliko bwana wake, lakini bila cheti cha kulipua hakuweza kupandishwa. Na cheti chenyewe kilifungwa kwa rangi ya ngozi. Katika Rhodesia ya Kaskazini, chama cha wafanyakazi Wazungu kilizuia njia hiyohiyo mpaka mapatano ya mwaka 1955 yalipofungua kazi chache.

Katanga, upande wetu wa mpaka, Mwafrika aliendesha treni, kreni na mashine za kuchimba mapema zaidi. Wazee wa Kolwezi walijivunia jambo hilo mbele ya ndugu zao wa Kitwe na Mufulira. Lakini jina la kazi na mshahara havikufuata ufundi. Mtu aliyefanya kazi ya mekaniki aliandikwa kama mfanyakazi wa kienyeji wa daraja fulani. Mzungu aliyesimama nyuma yake aliandikwa fundi. Siku Mwafrika yule anataka kwenda kampuni nyingine, kitabu chake hakikusema kwamba anajua mashine.

Hasira hiyo ilikuwa ndani ya mgomo wa Desemba 1941. Bei za vitu zilikuwa zimepanda kwa sababu ya vita, na wafanyakazi Wazungu walikuwa wamekwisha kudai haki zao. Waafrika wa Elisabethville nao wakadai mshahara. Tarehe 9 Desemba, askari waliwapiga risasi wafanyakazi waliokusanyika uwanjani. Léonard Mpoyi, karani aliyesema kwa niaba ya wenzake, aliuawa pamoja na wengine wengi. Mishahara iliongezwa baadaye, lakini mpangilio wa kazi ulibaki. Kazi za juu zilikuwa za Wazungu mpaka uhuru ulipokaribia.

Katika miaka ya 1950 kampuni iliongeza mitihani ya akili na ya mikono ili kuchagua nani afundishwe nini. Shule za ufundi ziliongezeka. Chuo kikuu cha Elisabethville kilifunguliwa mwaka 1956, miaka minne tu kabla ya uhuru. Kwa hiyo mwaka 1960, wakati kiwanda cha Luilu kinaanza kazi karibu na Kolwezi, nchi ilikuwa na maelfu ya watu waliojua kazi kwa mikono na karibu hakuna mhandisi Mkongomani mwenye diploma ya kuonyesha.

Wakati wa Gécamines: mgeni naye aonyeshe

Serikali ilitaifisha Union Minière mwanzoni mwa mwaka 1967. Jina likawa Gécomin, na baadaye Gécamines. Lakini nchi ilipochukua migodi iligundua upesi pengo lililoachwa. Ilibidi kufanya mkataba na kampuni ya Kibelgiji, Société Générale des Minerais, ili iendelee kuleta mafundi na kuuza madini. Deni la kutofundisha watu lililipwa na wale walionyimwa mafundisho.

Kazi ya kurekebisha ilikuwa imekwisha kuanza. Mwaka 1964 serikali iliunda INPP, Institut National de Préparation Professionnelle, kwa ajili ya kufundisha na kuendeleza wafanyakazi katika kazi zao. Gécamines nayo ilikuwa na shule zake. Mtoto wa mfanyakazi aliweza kuanza darasa la kwanza, akamaliza ufundi, akaingia kiwandani, vyote chini ya kampuni ileile. Ndiyo maana watu walisema Gécamines ni baba na mama.

Tarehe 6 Juni 1974 ilitoka amri nambari 74-098, ya kulinda wafanyakazi wa nchi dhidi ya ushindani wa wageni. Kwa mara ya kwanza mzigo wa kuonyesha uligeuka. Yule mgeni ndiye aliyetakiwa kuwa na ruhusa, na kampuni ndiyo iliyotakiwa kueleza kwa nini inamhitaji. Wazo hilo limebaki katika sheria za leo. Kampuni inayotaka mfanyakazi wa kigeni lazima imwombee kadi ya kazi, idadi ya wageni ina kikomo, na DGM hutoa visa ya kazi baada ya hapo.

Miaka minne baadaye mji wa Kolwezi uliona mtihani ambao hakuna aliyeuomba. Mei 1978 wapiganaji wa FNLC waliuteka mji. Watu wengi waliuawa, Wakongomani na Wazungu. Askari wa Ufaransa walishuka kwa miavuli tarehe 19 Mei, na zaidi ya wageni 2,000 wakaondolewa kwa ndege. Mafundi na wahandisi wa kigeni hawakuwapo tena. Katika majuma yaliyofuata, kuanzisha tena kazi kuliangukia kwa sehemu kubwa mikono ya Wazaire wenyewe. Kama kulikuwa bado na mtu aliyeuliza kama mwenyeji anaweza, jibu lilikuwa mbele yake, pampu zikifanya kazi.

Mahali pa kuzaliwa

Katika miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka na kuajiri zaidi ya watu 30,000. Kisha mambo yakaanguka haraka. Septemba 1990 mgodi wa chini wa Kamoto uliporomoka. Vipuri vilikosekana, pesa zilichukuliwa, na siasa ya Kinshasa ikaingia ndani ya kambi.

Kazi zilipopungua, wanasiasa wa jimbo walileta kipimo kipya. Hawakuuliza nani anajua kazi. Waliuliza nani ametoka wapi. Gavana wa wakati huo na chama cha UFERI walihubiri kwamba watu wa asili ya Kasai wamechukua nafasi za wana Katanga. Fujo zilianza Likasi mwaka 1992 na kufika Kolwezi Machi 1993. Nyumba zilivamiwa. Familia zililala shuleni na kwenye kituo cha reli majuma mengi zikisubiri treni. Wengi walikufa kwa magonjwa na njaa, wengine njiani ndani ya mabehewa. Mamia ya maelfu ya watu walihama kutoka jimbo zima. Wengi walizaliwa Kolwezi au Likasi na hawakuwahi kuona Mbuji-Mayi wala Mwene-Ditu.

Pamoja na sufuria na magodoro, karatasi nyingi zilipotea siku hizo. Mtu anayekimbia usiku hubeba mtoto. Hakumbuki sanduku la vyeti. Fundi wa umeme aliyefanya kazi Luilu miaka 22 alifika Kasai akiwa mtu tu. Hakuna mgodi wa shaba huko wa kumwona akifanya kazi, na ofisi iliyoweza kumwandikia hati ilikuwa katika mji aliofukuzwa. Wengine wakawa wauza mafuta ya taa, wengine wachimba almasi. Watoto wao walikua wakisikia kwamba baba alikuwa fundi mkubwa, bila ushahidi wowote ukutani.

Kolwezi nayo ilipoteza. Wahandisi, walimu, wauguzi na makapita walioondoka hawakupata wa kuwarithi upesi. Uzalishaji wa Gécamines mwaka 1993 ulishuka chini ya tani 50,000. Kulikuwa na sababu nyingi za anguko hilo, lakini kufukuza watu wanaojua kazi kulikuwa mojawapo.

Zaidi ya elfu kumi wakaenda nyumbani

Mwaka 2003, kwa pesa za Benki ya Dunia, Gécamines ilifanya mpango ulioitwa départs volontaires, kuondoka kwa hiari. Zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi walipewa pesa za mwisho na kuachishwa. Wengi walikuwa wamekaa miezi mingi bila mshahara, kwa hiyo hiari ilikuwa ndogo. Walidai baadaye kwamba hesabu haikuwa sawa, na malalamiko yao yalifika mpaka kwenye ofisi ya ukaguzi ya Benki ya Dunia yenyewe.

Wakati huohuo sheria mpya ya madini ya Julai 2002 ilikuwa imefungua mlango kwa makampuni ya nje. Yalikuja kutoka Uswisi, Kanada, China, Kazakhstan na kwingineko. Migodi ileile ya Kamoto na Musonoi ikaanza kunguruma tena. Wazee wa Gécamines waliokuwa wanajua kila kona ya mashimo hayo walikwenda kuomba kazi. Walikuta masharti ya aina nyingine: umri, diploma, kompyuta, Kiingereza, na wakati mwingine Kichina. Kwa wengi, ufundi wao ulikuwa umeandikwa tu ndani ya mafaili ya kampuni iliyokuwa inakufa.

Watoto wao wakaenda kwenye njia mbili. Wa kwanza waliingia kwenye mashimo kwa mikono, wale tunaowaita kreseri. Kreseri mzoefu anasoma rangi ya udongo. Anajua wapi kobalti inaanza, anaweka mbao ili ardhi isimwangukie, anapima hewa kwa pumzi yake. Serikali humpa kadi ya mchimbaji mdogo, lakini kadi hiyo inasema yuko wapi tu, haisemi anajua nini. Siku shimo linafungwa, au mtaa unahamishwa kama Kasulo ilivyohamishwa kwa sehemu mwaka 2017, anaondoka bila cheti chochote.

Wa pili waliingia migodi mikubwa kupitia makampuni ya kati, yale ya sous-traitance. Mtu anafanya kazi ndani ya mgodi mmoja miaka mingi, lakini mkataba wake umeandikwa na kampuni ndogo inayobadilika kila mwaka. Nyingine hufunga ofisi bila kumwachia mtu hata barua. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 ilitaka kazi hizo za kati ziwe za makampuni ya Wakongomani, lakini kuwa na bosi Mkongomani hakuhakikishi kwamba mfanyakazi atapata hati yake.

Mpakani

Leo vijana wa Kolwezi wanatafuta kazi nje, kama baba wa babu zao kutoka Rhodesia walivyotafuta hapa. Njia ya karibu ni Zambia. Tangu sheria ya mwaka 2011, Zambia ina ofisi iitwayo ZAQA, inayohakikisha vyeti vya shule na vya ufundi, vya ndani na vya nje. Mkongomani anayeomba ruhusa ya kazi huko kwa kutegemea diploma yake hukutana na ofisi hiyo. Afrika Kusini ina SAQA kwa kazi ileile. Kanada huomba masomo yapimwe na shirika linalotambuliwa, na tena barua ya kila mwajiri inayotaja cheo, tarehe, kazi mtu alizofanya, saa kwa juma na mshahara.

Sharti hilo la mwisho ndilo linaloumiza mwana Kolwezi. Diploma anaweza kuifuata shuleni. Barua ya mwajiri aliyefunga ofisi ataipata wapi?

Hata hivyo sheria ya Kongo iko upande wake, na watu wengi hawajui. Code du Travail ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamlazimisha mwajiri, mkataba ukiisha kwa sababu yoyote, kumpa mfanyakazi hati inayotaja aina ya kazi aliyofanya, muda wake, siku aliyoanza na siku aliyomaliza. Mwajiri haruhusiwi kuongeza maneno mengine, hata yale ya kumharibia jina. Hati hiyo si zawadi, hata kama mtu amefukuzwa kwa ugomvi. Tofauti na kitabu cha wakati wa Wabelgiji, karatasi hii ni mali ya mfanyakazi. Wakaguzi wa kazi, Inspection du Travail, ndio wanaopokea malalamiko pale inaponyimwa.

Kwa waliokimbia, kuna mlango mwingine mdogo. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, katika kifungu cha 25, unasema nchi iliyompokea mkimbizi imsaidie kupata karatasi ambazo kwa kawaida angepewa na serikali yake. Kwa miaka mingi kifungu hicho kilitumika zaidi kwa vyeti vya kuzaliwa na ndoa. Mwaka 2019 UNESCO ilijaribu nchini Zambia, pamoja na ZAQA, pasipoti ya masomo kwa wakimbizi. Mtu aliyepoteza vyeti huleta alichobaki nacho na kuulizwa maswali na wataalamu wa kupima vyeti. Wakiridhika, wanaandika kile walichokiona kwake. Zambia ina kambi za Meheba na Mantapala, ambako Wakongomani wengi wanaishi, kwa hiyo jaribio hilo lilifanyika karibu kabisa na mlango wa Lualaba.

Pasipoti hiyo haimpi mtu kazi, wala haimpi visa. Na imetengenezwa zaidi kwa waliosoma kuliko kwa fundi aliyejifunza kwa baba yake. Lakini wazo lake ndilo lililokosekana Katanga zaidi ya miaka 100: mtu anayejua kazi akae mbele ya mtaalamu wa kupima, aulizwe, kisha kile alichoonyesha kiandikwe.

Huko Mwene-Ditu, Kolwezi na Meheba, wapo bado wazee waliofanya kazi Luilu, Kamoto na Mutoshi. Wanakumbuka nambari zao za kazi, majina ya makapita, na mwaka mashine fulani ilipoletwa. Wenzao waliofanya kazi nao wanaweza kutia sahihi kwamba ni kweli. Kila mwaka wanapungua. Karatasi za mishahara, kadi za kazi za zamani na picha za kiwandani zilizo bado ndani ya masanduku zinahitaji kupigwa picha na kuwekwa mahali zaidi ya pamoja, ili mtoto atakayesimama kesho mbele ya mlango wa mgodi, au mbele ya dirisha la ubalozi, asianze tena kama mtu asiyejua lolote.